Ukurasa wa Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza leo. Masjala imevuja pale pale ilipovuja mwaka jana, juu ya rafu ya ukutani, na Bwana Muhuri, mwenzangu wa meza ya pili, ameweka ndoo ile ile. Eti mafundi wanakuja. Wanakuja tangu nikiwa na kiuno.

Nimeanza daftari hili kwa sababu daktari wa zamu aliyeniruhusu juzi kutoka wodini alisema niandike tumbo linavyokwenda kila siku. Nitaandika la tumbo na mengine pia. Nina miaka ishirini na mbili ya kutunza majalada ya viwanja vya watu, na nimeona wengi wakiapa mbele yangu kwamba hawakusema walichosema.

Haya, la tumbo. Wiki iliyopita nililazwa siku nne. Lilijaa likawa gumu, nikatapika mpaka nyongo, choo hakuna, hata hewa haitoki. Wakanipitisha mpira puani hadi tumboni, wakanitundikia dripu, wakaninyima hata maji. Siku ya tatu utumbo ukafunguka wenyewe. Ni mara ya tatu tangu mwaka jana. Daktari wa zamu akanieleza kwamba ule upasuaji wa miaka tisa iliyopita, nilipotolewa uvimbe kwenye kizazi, uliacha makovu ndani. Makovu yameota nyuzi, nyuzi zimegandisha utumbo kwa utumbo, na utumbo kwa ukuta wa tumbo. Safari ijayo huenda usifunguke. Ukijisokota ukakosa damu, unaoza, na mimi naondoka nao.

"Inabidi ufunguliwe, mama, zitenganishwe," akasema. "Ila kila upasuaji nao unaleta makovu mapya. Tafuta mtu aliyezizoea hizi. Usikubali yeyote tu."

Kuniambia mimi nisikubali yeyote tu ni kumwambia samaki akumbuke kuoga.

Jumanne, 5 Machi

Tumbo kimya. Uji tu.

Alhamisi, 7 Machi

Wifi amekuja kuniona. Huyu ni dada wa mume wangu, ana saluni, na hakuna mtu mwenye habari asiyepitisha kichwa chake pale. Amekaa, amenitazama juu chini, akasema, "Mbona umenawiri? Nilidhani nitakuta mgonjwa." Kwa miaka yote hii wifi anaamini tumbo langu ni deko. Nikishindwa kumaliza chakula kwenye shughuli yake, nimenuna. Nikilala mchana, mvivu.

Lakini leo amekuja na daktari mfukoni. Mke wa daktari huyo husukwa pale saluni. Ana kliniki yake mwenyewe, anapasua kwa matundu madogo, siku mbili uko nyumbani.

"Basi huyo huyo," akasema Baba Pacha.

Ndivyo ninavyomwita mume wangu tangu tuwapate mapacha wetu, ambao sasa wako chuoni. Baba Pacha ni fundi wa friji. Kununua viatu huenda dukani mara tatu, mara ya nne anarudi na soksi. Leo kamkubali mtu wa kunipasua tumbo kabla chai haijapoa. Machale yamenicheza. Kuna nini kati yake na dada yake?

Jumatatu, 11 Machi

Tumekwenda kwenye hiyo kliniki. Nimempa daktari jina la Tabasamu, maana hakuacha kutabasamu tangu mlangoni. Mezani kwake kuna maua ya plastiki yasiyo na hata chembe ya vumbi.

Nilikuwa nimeandika maswali yangu kwenye karatasi. Amefanya ngapi za namna hii? Wangapi walirudiwa na maradhi? Akitoboa utumbo kwa bahati mbaya anafanyaje? Atakayekata ni yeye mwenyewe? Anahitaji ripoti ya upasuaji wangu wa zamani?

"Mama, usiwe na wasiwasi," akasema.

"Sina wasiwasi, nina maswali. Umefanya ngapi?"

"Nyingi mno."

"Nyingi ni ngapi?"

"Hazihesabiki."

"Walioharibikiwa?"

"Kwangu mimi? Hakuna."

Nikaweka kalamu chini. Mtu akiniambia masjala yake haijapoteza jalada hata moja, najua hajawahi kuhesabu rafu zake.

"Na ripoti ya zamani?"

"Ya nini? Nikiingia nitaona mwenyewe."

Nikamtazama Baba Pacha. Mabega yalimshuka kama aliyetua gunia. Akampa daktari mkono, tena mikono miwili, akacheka. Sijui kilichomchekesha. Mimi sikusikia kichekesho.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Tumbo linanguruma kuliko radi.

Jumatatu, 18 Machi

Hospitali kubwa ya serikali. Nimesubiri kwenye benchi toka asubuhi mpaka kanga ikanishika kwa jasho. Daktari niliyempata ni binti mdogo, angeweza kuwa rafiki wa mapacha wangu. Nimemuuliza yale yale.

"Kumi na saba," akajibu bila kufikiri. "Kumi na mbili nilikuwa msaidizi. Tano nimekata mwenyewe."

Nikamuuliza tena kwa njia nyingine nione kama hesabu itabadilika. Haikubadilika.

"Mama, ungekuwa mama yangu nisingekupasua mimi," akasema. "Ningekupeleka kwa mwalimu wangu. Yupo Alhamisi."

Hapo tena nikaingiwa na shaka. Mtu anamfukuza mteja? Au wana mpango wao, huyu anasukuma na yule anapokea? Nikamwambia hivyo hivyo usoni. Binti akacheka mpaka akavua miwani.

"Mwalimu wangu hata salamu hagawani na mtu," akasema. "Utamwona."

Jumatano, 20 Machi

Baba Pacha kaja juu leo, yeye ambaye hapandishi sauti hata friji ikimwangukia mguuni. "Unachagua daktari kama unachagua kitambaa? Si umeshampata? Unangoja mpaka uzidiwe?" Nikamuuliza mbona ana haraka, tumbo ni lake? Akatoka akaenda karakana bila kumaliza chai.

Nimefikiri mawili. Moja, wanagawana kitu na dada yake. La pili sitaki hata kuliandika.

Alhamisi, 21 Machi

Nimemwona mwalimu. Mzee wa karibu miaka sitini, mrefu, mkavu wa mwili na wa maneno. Salamu aliipokea akiwa anaosha mikono. Nimempa jina la Mkavu na limemkaa.

"Zaidi ya mia tatu," akajibu swali la kwanza. "Naandika." Akalipiga piga daftari lililokuwa mezani, jalada limechakaa pembe. "Katika sita, mmoja hurudiwa. Waliokufa mikononi mwangu kwa maradhi haya, wawili. Mmoja alichelewa kuja. Mmoja ni mimi nilichelewa kuamua."

Sikumpenda. Nani anataka kuambiwa hivyo kabla hajalala kitandani?

"Na ukitoboa utumbo?"

"Hutokea. Nashona. Ripoti yako ya zamani iko wapi?"

Nikamwambia sina. Kwanza nilitolewa uvimbe, halafu siku ya tatu nikarudishwa ndani tena, nikiwa na homa sijitambui. Ilikuwa usaha tu, wakaniosha. Ndivyo nilivyoambiwa.

"Nani alikuambia usaha tu?"

Nikamwonyesha Baba Pacha kwa kidole. Alikuwa anatazama kalenda ya ukutani, ya mwaka juzi.

"Bila ripoti sikugusi," akasema Mkavu. "Sitaingia gizani kwenye tumbo lililofunguliwa mara mbili."

"Makaratasi ya miaka tisa yatapatikana wapi, daktari?" Baba Pacha akauliza.

"Hospitali iliyompasua haitupi. Nenda kayaulize."

Njiani Baba Pacha alinipigia kelele za chini chini, zile za watu wa heshima. Mzee hafai, kaua wawili na anajisema mwenyewe. Kisha tulipofika nyumbani akageuka mpole. "Wewe pumzika. Niandikie barua ya idhini, hiyo ripoti nitakufuatia mimi."

Huyu ndiye aliyeshindwa kufuata vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake mwaka mzima. Nimeandika barua. Nimesaini. Lakini nimeshangaa.

Jumatano, 27 Machi

Ripoti bado. Eti jalada halionekani, eti chumba chao kimeingia maji.

Jumanne, 2 Aprili

Ameleta. Bahasha ya kaki, fotokopi. Amenikabidhi akiwa amesimama, hakukaa.

Kila ukurasa una namba juu, kona ya kulia. Namba zimepigwa kwa mkono, duara limezungushwa vizuri. Aliyezipiga ni mtu wa masjala aliyefundwa, kama mimi. Nikahesabu, maana siwezi kushika karatasi bila kuhesabu. Saba, nane, kumi, kumi na moja.

Nikahesabu tena. Nikalamba kidole nikitafuta kama mbili zimegandana. Hakuna wa tisa.

Ukurasa wa nane unaishia hivi: "Siku ya tatu. Homa kali, tumbo gumu. Arudishwe chumba cha upasuaji. Endelea uk. 9." Na ukurasa wa kumi unaanza: "Siku ya saba baada ya upasuaji wa pili. Anakunywa uji."

Yaani siku yenyewe waliyonifungua mara ya pili ndiyo haipo. Nikajua papo hapo: hospitali ile inaficha kitu. Karani wao kaambiwa autoe, kautoa. Najua mambo haya, nimewahi kuletewa soda nipoteze karatasi moja tu. Soda yenyewe ya moto.

"Wameupoteza hao," akasema Baba Pacha. "Utawafanya nini? Achana nao. Twende kwa Tabasamu, yeye hahitaji karatasi. Nimeshauliza, ana nafasi tarehe ishirini na mbili."

Ameshauliza! Lini?

Ijumaa, 5 Aprili

Maumivu tangu alfajiri. Yanakuja, yanakaza, yanaachia. Nimetapika mara mbili. Siandiki zaidi.

Jumamosi, 6 Aprili

Yameachia. Nimelala kitandani nikitazama maji yakishuka dirishani. Jana, kati ya wimbi moja na jingine, niliogopa kweli kweli. Niliwaona mapacha wamevaa nguo nyeusi zinazofanana, na hata hapo nikawakasirikia kwa kufanana.

Wifi kaja, kanikuta nimejikunja. Kasema, "Ukijikunja hivyo ndio unalikaribisha." Baba Pacha alikuwa mlangoni. Alifungua mdomo, akaufunga.

Nimemwambia sawa. Twende kwa Tabasamu tarehe ishirini na mbili. Nimechoka kuuliza maswali.

Alisema, "Afadhali." Kisha akaenda uani akakaa kwenye mvua.

Jumatatu, 15 Aprili

Maji yameingia rafu ya chini. Mimi na Bwana Muhuri tumeshinda tukitenganisha kurasa zilizogandana. Ukivuta kwa pupa unachana, maandishi ya ukurasa mmoja yanabaki mgongoni mwa mwingine. Unaingiza kisu cha plastiki taratibu, unapuliza, unangoja. Nimemwambia Bwana Muhuri kwamba hivi ndivyo nilivyo tumboni, na wiki ijayo mtu anayetabasamu ataingiza kisu bila kujua karatasi ipi iko chini ya ipi.

Nikamsimulia habari ya ukurasa wa tisa. Akasikiliza, akakuna kidevu.

"Sasa wewe, mama wa dispachi," akasema, "umeshindwa kuuliza daftari lao la kutolea karatasi? Karatasi inatoka masjala bila kusainiwa?"

Miaka ishirini na mbili nimewalazimisha mpaka wakubwa wa idara wasaini idadi ya kurasa wanazochukua, na kwa tumbo langu mwenyewe nimesahau. Kesho nakwenda. Baba Pacha nimemwambia nina mkutano.

Jumanne, 16 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali ile ya zamani. Daftari liko gotini, mtanisamehe mwandiko, sijui namwambia nani.

Nilifika saa nne na nguo zimelowa. Dirisha la kumbukumbu lina mwanamama mnene, kalamu nyekundu sikioni. Nikammiminia yote. Kwamba mimi pia ni karani, kwamba najua michezo, kwamba wamenitolea ukurasa kwenye jalada langu ili kumkinga daktari wao, na leo sitoki hapa. Watu kwenye foleni wakanyamaza kusikiliza. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Umemaliza, dada yangu?"

"Nimemaliza."

Akafungua daftari kubwa, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akaligeuza upande wangu.

"Nakala ya jalada. Kurasa kumi na moja. Imepokelewa na." Na sahihi.

Ile sahihi naijua. Ina mkia mrefu wa kujidai, nimeishi nayo miaka ishirini na minne. Na tarehe ilikuwa ishirini na mbili Machi. Siku moja tu baada ya kutoka kwa Mkavu. Alikaa na karatasi zangu siku kumi na moja, akiniambia chumba kimeingia maji.

"Chumba chenu kiliingia maji?" nikauliza.

"Hiki? Hakijawahi."

Mwanamama akaniona nilivyokuwa. Akaniomba kitambulisho, akaenda ndani, akarudi na jalada lenyewe, akanivutia kiti upande wake wa dirisha. Upande wa makarani. Ukurasa wa tisa ulikuwepo, umetulia mahali pake.

Nimeunakili neno kwa neno:

"Tumbo limefunguliwa tena. Utumbo mwembamba ulitobolewa sehemu mbili katika upasuaji wa kwanza na haukugunduliwa. Sentimita ishirini zimekatwa, ncha zimeunganishwa. Kiungo kipo chini ya kitovu, kushoto, na kimeshikana na ukuta wa tumbo. Tumbo limeoshwa. Mume ameelezwa. Ameomba mgonjwa asielezwe kwa sasa."

Kwa sasa. Miaka tisa.

Kwa hiyo haukuwa usaha tu. Miaka tisa naambiwa nakula haraka, nina gesi, nina mawazo, nadeka. Nimeacha maharage, nimeacha maziwa, nimeacha kucheka nikishiba. Yule daktari aliyenitoboa nimemwombea heri kila mwaka tarehe ile ile, mbele ya Baba Pacha, naye anaitikia! Na dada yake anaponicheka, yeye anatazama kalenda.

Nilidhani ananiuza. Nikawaza hata mwanamke mwingine, lile la pili ambalo sikutaka kuliandika, basi nimeliandika. Kumbe alichokuwa anakikimbia ni karatasi moja. Alimpenda Tabasamu kwa sababu Tabasamu haulizi karatasi.

Jumatano, 17 Aprili

Nimemfuata karakana mchana. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji, kichwa hakionekani. Nikaubandika ukurasa wa tisa, ule nilionakili, juu ya friji kwa ile sumaku yake ya kushikia skrubu, nikangoja ainuke.

Akainuka. Akauona. Akafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu mno.

"Mwingine uko wapi?" nikamuuliza. "Ule uliouchukua."

Akafungua sanduku la vyombo, akatoa chini ya bisibisi. Umekunjwa mara nne.

"Kwa nini hukuuchana?"

"Nilishindwa."

"Kunidanganya hukushindwa."

Akakaa kwenye kreti. Akaeleza kwamba daktari yule alimvuta koridoni na kumwambia hali ni mbaya, wengine wakiambiwa hukata tamaa, aamue yeye. Akaamua. Nilipopona akasema ataniambia nikipata nguvu. Nilipopata nguvu nikaanza kumsifu daktari, akaona haya, akasema mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa mwaka.

"Na dada yako aliponiita mdekaji?"

Akaokota bisibisi, akairudisha sandukuni.

"Nakuuliza, Baba Pacha. Ulikuwa umesimama mlangoni."

"Ningesema vipi bila kusema yote?"

"Na tarehe ishirini na mbili? Yule angenichoma kisu asijue kilichoko chini. Ungenizika na siri yako."

Hapo alilia. Mwanamume mzima, mbele ya friji tano zilizoachwa milango wazi. Mimi sikulia. Nilikuwa nimekwisha lia kwenye basi, mpaka kondakta akaniachia siti ya dirishani.

Nimemwambia ukweli wangu pia: ningekuwa na pa kwenda leo ningekwenda. Lakini tumbo hili haliwezi safari mbili.

Ijumaa, 19 Aprili

Mkavu ameusoma ukurasa wa tisa mara mbili. Akachukua karatasi, akachora tumbo, kitovu, kiungo, akaweka alama.

"Wanaopasua kwa matundu kwa kawaida huanzia hapa, kitovuni," akasema. "Kwako, chini ya hapa kuna utumbo ulioshikana na ukuta. Angeingia moja kwa moja ndani yake." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Nani aliutafuta ukurasa huu?"

"Mimi."

"Vizuri."

Ndiyo sifa pekee niliyopata kwake, na sikuitegemea. Bado simpendi. Bado nimemuuliza mara mbili kama atakayekata ni yeye, na binti, yule mwanafunzi wake, atafanya nini, na uzi wa aina gani. Amejibu yote, mara ya pili kwa ukali. Nimemchagua. Nimemchagua kwa sababu ni yeye peke yake aliyekataa kunigusa.

Kwa Tabasamu nimepiga simu kuahirisha. Msichana wa mapokezi kasema daktari atasikitika. Nikamwambia atatabasamu tu.

Jumatatu, 22 Aprili

Leo ndiyo ingekuwa siku yenyewe. Mvua kubwa. Nimekwenda kazini.

Jumapili, 28 Aprili

Wifi alikuja na maneno yake: mbona nimehamia kwa mzee muuaji, nimemwaibisha kwa mke wa daktari. Kabla sijafungua mdomo Baba Pacha akasema, "Dada, kaa. Huyu alikuwa anaumwa kweli miaka yote. Walimtoboa utumbo. Mimi nilijua, nikanyamaza, nikakuacha umcheke."

Wifi alinitazama, akamtazama kaka yake, akaokota mkoba. Mlangoni akarudi, akanishika mkono bila neno, akaondoka.

Mapacha nao amewapigia mwenyewe. Nilisikia toka jikoni. Mimi na yeye bado tunazungumza habari za chumvi na funguo tu.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua zimekatika. Nimelazwa. Kesho asubuhi.

Sista kaja na fomu. Jina, umri, mzio, meno ya bandia. Tukafika pa mwisho.

"Daktari akitoka chumba cha upasuaji ampe nani taarifa? Nimeandika mume."

"Futa."

"Nimwandike nani?"

"Mimi."

"Mama, wewe utakuwa umelala."

"Nitaamka."

Sista akamtazama Baba Pacha, aliyekuwa amesimama miguuni mwa kitanda amekumbatia mfuko wa nguo zangu. Nadhani alitaka amwombe anishawishi.

"Andika anavyosema," Baba Pacha akajibu.

"Na ikiwa..." sista akaanza, akakatiza.

"Ikiwa sikuamka," nikamwambia, "mwambieni yeye yote. Kwa maandishi."

Ijumaa, 10 Mei

Naandika kidogo kidogo, nikivuta pumzi inachoma.

Ilichukua saa tano. Mkavu alitoka, akasimama mbele ya Baba Pacha, akasema, "Yuko hai. Mengine ni yake," akapita. Binti ndiye aliyenisimulia. Anasema Baba Pacha alikaa kwenye benchi lile mpaka juzi asubuhi, anamuuliza kila aliyevaa kijani, na kila mmoja anamwambia angoje mgonjwa.

Juzi hiyo Mkavu alikuja, akavuta kiti, akaniuliza leo ni siku gani ajue kama nimezinduka kweli. Nilipojibu sawasawa akanieleza. Nyuzi amezikata zote alizoziona. Kiungo cha zamani kilikuwa kimebana kama shingo ya chupa, amekiondoa pamoja na utumbo wa urefu wa kiganja. Mahali pamoja alitoboa, akaona, akashona. Siku tano hizi ndizo za kuangalia kama pameshika. Na baada ya hapo, mmoja katika sita hurudiwa. Nikamwambia nakumbuka. Akasema, "Najua unakumbuka," akaondoka.

Ndipo Baba Pacha akaruhusiwa kuingia. Shati lile lile la siku ya kwanza. Macho mekundu. Alisimama mbali na kitanda.

"Amesemaje?"

Nitaandika ukweli, maana hili ni daftari langu. Nilionja raha. Mimi najua, yeye hajui, na uso ule unaningoja nitamke. Neno "salama" lilikuwa limeshafika mdomoni, na angeliamini, angelala usingizi siku hiyo kwa mara ya kwanza. Nikaona jinsi ilivyo rahisi. Unasema salama leo, kesho unaona haya kulirudisha, na mwezi unapita. Nilimwelewa, na kumwelewa kuliniuma kuliko mshono.

Nikamwambia avute kiti, nikaanza na lile baya.